Jino la Mpiga Picha

Mtaa mzima unamwita mume wangu Cheka, na hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata kwa kazi. Ni mpiga picha, na ukikaa kwenye stuli yake mbele ya pazia la bluu atakwambia "cheka basi," kisha kabla hujajua uchekee nini, anacheka yeye. Anacheka kwa mdomo wote, macho yanapotea, mabega yanaruka, na wewe uliyeingia umenuna unajikuta umecheka naye. Hapo hapo anabonyeza. Hiyo ndiyo siri yote ya studio yetu. Kamera yenyewe ni ya kawaida, taa moja huwaka ikipenda, na mguu mmoja wa stuli tumeufunga kwa waya.

Mimi ndiye mke. Nakaa kaunta, nachapisha picha, nazikata, nazitia kwenye bahasha. Anayeuliza namwambia kazi ni yetu sote wawili, lakini najua fika kwamba watu hawaji kwa ajili ya mkasi wangu. Wanakuja kwa ajili ya mdomo wa yule bwana.

Sasa ndio mdomo huo ukapoteza jino la mbele, tena la juu.

Lilivunjwa na mtoto mchanga. Fundi cherehani wa mlango wa pili alimleta mwanawe wa kwanza, ndiyo kwanza anajifunza kukaa, apigwe picha. Mtoto akawa anateleza kwenye mto. Cheka akambeba ili amweke sawa, akamchekea karibu kabisa na uso, na yule mtoto akarusha kichwa mbele kama anayefunga goli. Nilisikia mlio kutoka kaunta. Nikakimbia kumwangalia mtoto, kwa sababu mimi ni mzazi, na nikamkuta hana hata alama. Alikuwa akimtazama mume wangu, aliyesimama damu kidevuni, jino kiganjani, na mtoto alikuwa anacheka. Alicheka mpaka kwikwi ikamshika. Mama yake, yule fundi, kwa aibu alimfunga mgongoni wakaondoka bila picha.

Jino lenyewe lilikuwa limekufa zamani. Daktari alishalitia dawa, akaliziba na kumwonya kwamba halina maisha marefu. Ukimkumbusha hivyo sasa, anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyempiga kichwa.

Mwanzoni nilimwonea huruma. Nilimpikia uji, nikamkatia matunda vipande vidogo, nikanyamaza alipokula amegeukia ukuta. Nilinyamaza pia alipoanza kushinda na barakoa usoni, akiwaambia wateja kwamba ana mafua. Mafua gani hayana hata chafya moja? Wateja wakaanza kumletea malimau na tangawizi, na yeye, mwongo mkubwa, akawa anapokea na kushukuru. Jikoni kwangu pakajaa malimau ya kufungulia duka.

Halafu huruma ikaniisha. Binti yetu alipiga simu ya kuonana kutoka chuoni, na baba mtu akaigeuza simu ikatazama dari.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Nipo," likajibu dari.

Wifi yangu alipokuja kututembelea, kaka yake alijifungia bafuni na kumsalimia kwa sauti kupitia mlangoni. Wifi akasubiri, akasubiri, chai ikapoa.

"Huyo anaoga au anajifua?" akaniuliza.

Nikachoka kumfichia. Nikamweleza. Wifi akanyanyua sauti ili isikike mpaka bafuni: "Kaka, toka bwana! Mwanya ni urembo, wenzako wanautamani!"

"Mwanya ni mwanya," likajibu bafu. "Hili ni pengo."

Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa daktari wa meno, nimemshika mkono kama anayekwenda kuandikishwa darasa la kwanza. Daktari alikuwa dada mpole, mwenye subira ambayo mimi sikuwa nayo tena. Alimpa kioo ajitazame. Cheka akakigeuza kikalala kifudifudi kwenye paja, yeye ambaye maisha yake yote amewaambia wenzake watazame mbele.

"Kuna njia tatu, baba," daktari akasema. "Kuna jino la kuvaa na kuvua. Linashikwa na kipande chembamba cha plastiki kinachokaa juu, kwenye kaakaa. Kuna daraja, yaani tunayachonga meno mawili ya jirani, tunayavalisha kofia, na jino la bandia linakaa katikati limeshikwa na hizo kofia. Na kuna la kupandikiza. Tunatia skrubu ndogo kwenye mfupa wa taya, mfupa ukishaikamata tunafunga jino juu yake."

"Hayo meno ya jirani yamekosa nini?" Cheka akauliza.

"Hayajakosa kitu, baba."

"Basi yaachwe. Na hiyo skrubu inaingia kichwani?"

"Kwenye taya."

"Taya si iko kichwani?"

Daktari akanitazama. Nikatazama dirishani.

"Ila hilo la skrubu ndilo linalofanana na lako," akaendelea. "Halichezi, halitoki. Utasahau kama ni la bandia."

"Na hilo la kuvaa na kuvua? Nikicheka si litaruka?"

"Ukilizoea haliruki. Mwanzoni linaweza kulegea kidogo."

"Hilo lifute kabisa," Cheka akasema. "Nife kwanza."

Kufuta hakukuwezekana. Kidonda kilitakiwa kipone kabla ya skrubu kufikiriwa, na mpaka hapo angevaa hilo hilo alilolikataa, la muda tu. Akapimwa, likatengenezwa, akalipokea shingo upande. Tulipofika nyumbani alilitia kwenye kikopo cha filamu cha enzi zile, pamoja na lile lililovunjika. Kwa hiyo mume wangu alikuwa na meno mawili kikoponi na pengo moja mdomoni, na akarudi kuvaa barakoa.

Ukadhani basi angalau anaamua. Thubutu. Asubuhi alikuwa mtu wa skrubu. Mchana alikuwa amesikia habari za mtu ambaye skrubu yake ilikataa, akahamia kwenye daraja. Jioni alijishika yale meno mawili ya jirani kwa huruma, akasema hawezi kuyafanyia unyama huo. Shemeji yangu akampigia simu kumshauri aweke la dhahabu, awake. Cheka aliliwazia jambo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Kisha akaja kuniambia, kwa sauti ya mtu aliyefiwa, kwamba labda aache tu, azeeke mapema, yaishe.

"Zeeka," nikamwambia. "Lakini zeeka ukiwa unaongea."

Nilikuwa na hasira, siwezi kukana. Lakini hasira ile ilikuwa na kitu chini yake. Nilikuwa nimemkosa mume wangu. Nilizoea kusikia kicheko chake nyuma ya pazia nikiwa nakata picha, hata sikuwa najua kwamba nakisikiliza. Sasa nilikuwa nasikia mkasi peke yake.

Picha za kwanza nilizochapisha tangu avae barakoa zilikuwa ndogo za pasipoti, na hizo mdomo unatakiwa ufungwe, kwa hiyo sikuona ajabu yoyote. Kisha nikachapisha za maharusi. Kisha za msichana aliyehitimu, za pacha waliotimiza mwaka, za kikundi cha kwaya. Nilipozipanga zote kaunta ili zikauke, nikaacha kazi nikabaki nimeduwaa. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamebana midomo kana kwamba wameonywa kuna nyuki wanapita. Shangazi wa bibi harusi alikuwa amejifunika mdomo kabisa kwa kiganja. Nikainua macho nikamtazama Cheka anavyompanga mteja mwingine. Kiganja chake kilikuwa juu ya barakoa, mahali pale pale.

Miaka yote alikuwa akicheka yeye kwanza na watu wakamfuata. Sasa alikuwa akijificha yeye kwanza, na watu walikuwa wakimfuata vile vile.

Nilimwita aje aone.

"Ni taa," akasema.

"Taa ndiyo imemziba huyu mama mdomo?"

"Watu siku hizi wana mawazo mengi."

Siku hiyo hiyo bwana harusi akaja kuchukua bahasha yake. Alizitazama picha moja moja, akarudia, kisha akaniambia kwa adabu kabisa, "Mama, hapa mke wangu anaonekana kama alilazimishwa." Akaomba wapigwe upya. Akitoka, alisimama barabarani akaitazama studio iliyo ng'ambo, ile yenye kioo kipya, na mimi nikamwona akiitazama.

Nilifunga mlango nikageuza kibao.

"Baba watoto, nisikilize. Vaa hilo jino, au fungua mdomo wako bila jino, au tufunge hapa tuuze malimau. Chagua moja, maana mimi nimefika hapa." Nikamwonyesha kooni nilipofika.

Aliingia nyuma ya pazia na kikopo chake, akakaa huko. Alipotoka alikuwa amevaa jino. Nilijua tu kwa sababu shavu lilikaa vingine, kwani mdomo wenyewe alikuwa ameufunga kwa nguvu zaidi, kisha akaurudishia barakoa. Aliogopa litaruka. Nusura nilie.

Wakati huo mlango ukagongwa. Alikuwa fundi cherehani, mtoto kiunoni, kavalishwa kikofia.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama," akasema. "Tumekuja kuomba radhi. Na ile picha, kama bado mnatutaka."

"Marahaba, karibuni," nikajibu mimi, kwa sababu Cheka alikuwa anamtazama mtoto kama unavyomtazama mbwa aliyekwisha kukuuma.

Tukamweka kwenye mto. Taa ikawaka, siku hiyo ikawaka yenyewe bila kubembelezwa, na mtoto akaangua kilio. Cheka akatikisa funguo. Kilio. Akabinya bata wa mpira. Kilio kikazidi.

"Vua hiyo barakoa," nikamwambia. "Mtoto anadhani umekuja na sindano."

Akaivua. Akainama, midomo imeachana kidogo tu, akaanza kumgongea ulimi kama anayeita kuku. Kwanza kidogo kidogo, kisha kwa nguvu, na ndipo lile jino, plastiki yake na yote, likachomoka likaning'inia kwenye mdomo wa chini.

Mtoto akanyamaza.

Cheka akalirudisha haraka. Mtoto akaanza tena kukunja uso, na hapo sijui nini kilimwingia mume wangu. Akalisukuma tena kwa ulimi, kwa makusudi. Mtoto akatoa macho. Akacheka. Jino likarudi ndani, mtoto akangoja. Likatoka, akacheka mpaka kwikwi, kile kicheko cha siku ya kwanza. Mama yake akakaa chini sakafuni, hajiwezi. Nami nilikuwa nimeshikilia kaunta. Kisha nikamsikia Cheka mwenyewe. Alikuwa amelitoa jino lote akalishika mkononi, pengo liko wazi mbele ya wageni, macho yamepotea, mabega yanaruka.

Nililia. Nilicheka na nililia, nikajifuta kwa bahasha ya mteja.

"Bonyeza!" nikampigia kelele. "Bonyeza, mwanaume, mtoto anacheka!"

Akabonyeza.

Tuliporudi kwa daktari wa meno, kidonda kilikuwa kimepona vizuri. Daktari alifurahi, akatoa karatasi za skrubu.

"Hilo la skrubu," Cheka akauliza, "ulisema halitoki?"

"Halitoki kabisa, baba."

"Hata nikilisukuma kwa ulimi?"

"Hata ukitafuna mfupa."

"Basi silitaki," akasema. "Nitengenezee la kuvaa na kuvua, zuri, la kudumu. Ila lisibane sana."

Yule dada akaweka kalamu chini. Alisema watu wote humwomba libane, na huyu ndiye wa kwanza kuomba lilegee. Akanigeukia mimi, labda akitumaini kwamba nyumba hiyo ina mtu mmoja mwenye akili. Nilitazama picha ya taya iliyobandikwa ukutani.

Sasa usidhani nimepumzika. Jino naliokota kila mahali, juu ya printa, kwenye sahani ya kikombe, na siku moja nililitia kwenye bahasha pamoja na picha za mtu, nikamkimbilia barabarani. Watoto wa mtaa wanabandika nyuso kwenye kioo chetu wakidai walione likitoka. Binti akipiga simu, baba yake anatoa jino kwanza ndipo anaitikia salamu. Nikimgombeza, ananichekea kwa pengo, na anajua kwamba hapo maneno yataniishia njiani.

Kubwa kuliko yote ni hizo picha za pasipoti. Ofisi inataka mdomo uliofungwa na uso mkavu. Wiki iliyopita wateja wetu walirudishwa mmoja baada ya mwingine. Mzee mmoja mstaafu aliniwekea ya kwake kaunta, akasema wameikataa kwa sababu amecheka. Nikaitazama. Kweli alikuwa amecheka, na mapengo yake mwenyewe yote yanaonekana, wala hakuyaziba na mkono.

"Nipigieni nyingine ya ofisi," akasema. "Lakini hii usiitupe, mama. Nikuzie, nikaitundike sebuleni."

Nikampeleka kwenye stuli. Kabla sijarudi kaunta nikamwona yule bwana nyuma ya kamera, ulimi tayari unasukuma, na nikapaza sauti hadi cherehani ya mlango wa pili ikasimama.

"Baba watoto! Rudisha jino mdomoni, huyu ni wa pasipoti!"