Usiipake Kanopi Dizeli

Kabla hujanicheka, njoo Mafinga siku ya ukungu unishike kifundo cha mkono wa kulia. Utakikuta cha baridi kuliko cha kushoto. Mke wangu amekishika, mchungaji wetu amekishika, na daktari mmoja alikishika akaishia kunipa vidonge vya kuongeza damu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, nikiwa nimekunywa chai na sijaonja kingine chochote.

Nilikuwa nimenunua pikapu kuukuu kwa mjane mmoja wa Kihesa, kule Iringa mjini, anaitwa Mama Tumaini. Nyuma ilikuwa na kanopi ya faiba, lile paa la kufunikia mizigo. Uso wake haukuwa laini. Ulikuwa na vipele vidogovidogo, ukipitisha kiganja unakwaruza kama ganda la chenza. Kanopi hiyo aliiunda mumewe kwa mikono yake. Huyo mume sikuwahi kumwona hata kwa picha, maana alishafariki nilipokwenda kuulizia gari.

Sasa binti yangu Atupele alikuwa anafunga ndoa Jumamosi, kanisani Kihesa. Tangu akiwa mdogo nilimwahidi: siku ya harusi yako utapanda gari la baba yako, si la kuazima. Upande wa bwana harusi walishasema, kwa upole kabisa, kwamba gari lao lipo kama langu litasumbua. Unajua upole wa namna ile unavyouma? Na kanopi yenyewe jua lilikuwa limeila, nyeusi imegeuka ya kijivu chenye chokaa.

Alhamisi jioni nikafanya wanavyofanya madereva wote ninaowajua. Nilichovya tambara kwenye dizeli nikaipaka yote. Ikang'aa! Nikamwita mke wangu atoke nje aone, nikalala kwa raha zangu.

Lakini hapa ni Mafinga, ndugu yangu, mji wa mashine za kupasulia mbao. Unga wa mbao hauna likizo. Ijumaa asubuhi niliikuta kanopi imevaa unga kama andazi, umenasa kwenye kila kishimo katikati ya vile vipele. Nikaifuta kwa tambara, ukawa uji. Nikafuta tena, ukazidi kuingia ndani. Nilisimama pale nikataka kulia, nasema bila aibu. Nilishaanza kutunga maneno ya kumwambia Atupele apande gari la wenzetu.

Ukungu ulikuwa mzito, hata choo cha jirani sikioni. Nikasikia nyuma yangu salamu ya Kihehe, "Kamwene."

"Kamwene," nikajibu, nikageuka. Mwanamume wa rika langu, amevaa koti la mvua, kasimama karibu na gurudumu. Akanyoosha mkono. Mimi wangu umejaa dizeli na uji wa mbao, kwa hiyo nikafanya kama sote tufanyavyo mikono ikiwa michafu: nikakunja kiganja, nikampa kifundo. Akakishika barabara. Niamini, ile baridi ilipanda mpaka begani. Na nilihisi vizuri kwamba upande wa mwisho wa kiganja chake pana pengo, kidole hakipo.

"Faiba hailishwi mafuta, ndugu yangu," akasema, kama mtu anayejizuia kukasirika. "Hebu leta maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Brashi ya viatu na kopo la waksi vipo chini ya kiti cha dereva."

Vilikuwepo kweli! Nilikuwa nimeviona siku nyingi nikadhani takataka za mwenyewe wa zamani. Lakini yeye alijuaje?

Sikuuliza, nilikuwa na harusi kesho. Nikasugua kwa brashi mduaramduara, unga wote ukatoka. Nikasuuza, nikakausha. Akaniambia nichukue waksi kidogo sana kwa brashi ileile iliyosafishwa, kipande kimoja kwanza, niisukume ndani ya vishimo, nisugue kabla haijakauka ikaacha weupe. Halafu kipande kingine. Hakugusa kitu. Alisimama tu akiimba puani wimbo wa kanisani, na mimi, haki ya Mungu, woga sikuwa nao. Nilijisikia vizuri, kama niko na kaka yangu.

Kanopi ilipotulia nyeusi tii, nikageuka kumshukuru. Hayupo. Uani kwangu tumemwaga unga wa mbao kuzuia matope. Nyayo zilikuwa za mabuti yangu peke yangu.

Jumamosi Atupele alifika Kihesa ndani ya gari la baba yake, anacheka hadi magego. Mama Tumaini nilikuwa nimemwalika. Alipoona kanopi alisimama, akaipapasa taratibu.

"Nani kakufundisha brashi, Baba Atupele?"

Nikamweleza yote. Hakushtuka. Alifungua mlango wa nyuma wa kanopi, akainua kitambaa kilichofunika upande wa ndani. Kwenye faiba palikuwa na alama ya kiganja, ilikauka pamoja nayo siku inaundwa. Kiganja chenye vidole vinne, kidole cha mwisho hakipo.

"Msumeno," akasema. Kisha akacheka huku machozi yanamtoka. "Baba Tumaini alikuwa anaapa, atakayeipaka dizeli kanopi yake atamfufukia. Mimi nilijua ni utani."

Ni miaka kadhaa sasa. Napaka waksi kabla ya masika na kabla ya kipupwe, mvua inateleza, na hiyo kanopi inapendeza kuliko mwenye gari. Ukungu ukishuka, kifundo kinapoa.

Basi wewe mwenye kanopi ya vipele, sabuni, brashi, waksi kidogo. Dizeli iache kwenye tangi. Wengine huenda wakafuatwa na mtu asiye na subira kama ya yule wangu. Na ukisalimiwa ukunguni, mikono yako ikiwa michafu, toa kifundo, usimnyime mtu. Mimi nilimpeleka binti yangu kanisani kwa gari langu. Baridi hii sitaki iponywe.