Kina cha Jina la Mama Zubeda

Jioni ya mwisho mke wangu alikuwa akipepeta mchele barazani kwetu Korogwe, nami nasoma gazeti.

"Mwalimu," akaniita, "hicho Kiingereza unachozungumza na Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, kina neno lenye kina cha jina langu?"

Sisi waume wa huku, wasomi na wasiosoma, huona haya kutaja majina ya wake zetu. Miaka yote nilimwita Mama Zubeda. Jina alilopewa kwao Handeni ni Semeni, na ili kulitafutia kina ilinibidi nilitamke.

"Semeni, *many*. Yaani wengi."

"Wengi? Unataka kuongeza mke?"

"Semeni, *any*. Yaani yeyote."

"Sasa nimekuwa yeyote."

"Semeni, *penny*."

"Peni. Hiyo angalau hununua kibiriti." Akacheka, ungo umetulia mapajani. "Sema jingine, Mwalimu."

Tuliendelea mpaka giza likaingia. Nilidhani anatafuta kina.

Usiku ule alifariki usingizini. Asubuhi shehe alikuja kuniuliza jina la marehemu, kwa kuwa mtaani hakuna aliyelijua. Nilimtajia mara tatu, ingawa alikuwa amelisikia mara ya kwanza.