Televisheni Iliyogeuzwa Meza

Mutahi alikuwa amemaliza kila kitu isipokuwa kioo.

Sanduku lenyewe la mashine ya gemu lilikuwa tayari, limesimama katikati ya karakana yake nyuma ya soko la Karatina, refu kumpita yeye, limepakwa vanishi ya rangi ya kahawa. Vijiti vya kuchezea vilikuwa mahali pake, na vitufe pia. Lakini pale ambapo macho ya mchezaji yangetua palikuwa na tundu tupu, na kupitia tundu hilo ulionekana ukuta wa mabati. Watu waliopita na magunia ya kabichi hawakumhurumia.

“Mutahi, huyu maiti atazikwa akisimama?”

“Huyo alikuwa chifu,” mwingine akadakia. “Hawezi kulala mbele ya watu.”

Mutahi alicheka nao. Kazi yake iliyomlisha ilikuwa masanduku ya televisheni, yale ya miguu minne na milango miwili yenye kufuli, na nyumba nyingi kutoka Sagana hadi Nyeri zilikuwa na moja. Mashine ya gemu aliiona mara ya kwanza mwaka 1992, alipopeleka viti katika ukumbi mmoja Nairobi. Kindege cha buluu kilikuwa kikipanda kutoka chini ya kioo kirefu, kikikwepa risasi nyekundu. Dereva wa lori alipokuja kumtafuta alimkuta nyuma ya wachezaji, mdomo wazi, amesahau viti. Ukumbi huo ulipofungwa, alirudi akanunua bodi, ule ubao wa nyaya unaoendesha gemu, ya mashine moja ambayo kioo chake kilikuwa kimeungua.

Kihara, fundi wa redio mlango wa pili, aliipima bodi hiyo, kisha akainua uso.

“Iko hai,” alisema. “Inatafuta tu mahali pa kuonekana.”

Tangu siku hiyo Mutahi hakuzungumza jambo lingine. Alitaka kukiona tena kindege kile, kikipaa ndani ya sanduku alilolitengeneza yeye, katika mji wake.

Kioo cha kwanza walichojaribu kilitoka sebuleni kwake, televisheni ndogo isiyo na rangi. Picha ilitokea mara moja, wakapiga makelele hadi mshona viatu wa jirani akaja kuuliza ni nani amefunga bao. Kisha kindege kikalipuka. Kikalipuka tena. Bila rangi, risasi na zawadi zilikuwa nukta zilezile za kijivu, na Mutahi alizikimbilia zote. Cha pili kilikuwa cha kompyuta, kilichotupwa na chuo kimoja mjini Nyeri. Hicho kilichana picha vipande vipande na kuvikimbiza pembeni bila kutulia.

“Hii inasoma haraka kuliko bodi inavyoongea,” Kihara alisema akikizima. “Tafuta televisheni ya rangi. Hata kama haishiki stesheni. Hata kama ni bubu, bodi iko na sauti yake. Niletee kioo tu.”

Lakini wenye televisheni za rangi walikuwa wamezifungia, tena kwa makufuli yaliyotiwa na Mutahi mwenyewe.

Pasaka ya 1994, Mutahi na mkewe Nyawira walikwenda Kutus kumsalimia mama yake Nyawira, ambaye majirani humwita Mbeti. Mutahi alikaa sebuleni kama mkwe anavyokaa, magoti pamoja, macho chini. Macho hayo ya chini ndiyo yaliyoiona. Televisheni ndogo ya Mbeti ilikuwa imewekwa juu ya kitu kikubwa kilichofunikwa vitambaa vya kufuma, na chini ya pindo la kitambaa kulichungulia kona ya kioo, cheusi, kipana.

Nyawira alimweleza walipokuwa wakinawa mikono. Baba yake, Murungi, aliinunua kutoka kwa mwalimu mzungu wa misheni aliyekuwa akirudi kwao. Ilipoacha kushika stesheni, Murungi aliahidi kuitengenezesha. Akafariki kabla. Tangu hapo ilikuwa meza.

“Ni ya rangi?” Mutahi aliuliza.

“Ni ya rangi. Na usithubutu.”

Hakuhitaji kuonywa. Kwao mkwe huingia na vitu mikononi. Hajulikani kwa kutoka navyo. Mutahi alikula, akanywa chai, akajibu maswali kuhusu mahindi. Lakini shingo yake ilikuwa ikigeuka yenyewe.

“Baba Wacera,” Mbeti alisema hatimaye, akimwita kwa jina la binti wa Mutahi, “vitambaa vyangu viko na uchafu?”

“La, Mama. Ni safi kabisa.”

Alirudi Karatina akiwa na homa ya furaha na mkono mtupu. Kihara alipoambiwa alishika kichwa. “Umeacha rangi Kutus ikibeba nyingine mgongoni? Wewe ni fundi wa nini?”

Swali hilo ndilo lililomfungua. Mutahi alichagua mbao zake bora za msonobari, akatengeneza sanduku la televisheni zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza, milango imechongwa maua, kufuli la shaba. Halikuwa ombi, alijiambia. Lilikuwa zawadi ya mkwe. Ikitokea kwamba televisheni ndogo imehamia humo, na ile kubwa imebaki bila kazi, hayo si maneno yake.

Walilipeleka kwa pikapu ya Kihara, Nyawira akiwa pamoja nao. Mbeti alipapasa maua, akafungua na kufunga milango, akaimba. Televisheni ndogo iliingia ndani ikaenea sawasawa. Kisha wote wanne wakaitazama ile kubwa, sasa uchi katikati ya sebule.

“Hii nayo nitaitoa matumbo,” Mbeti alisema. “Kuku wangu mweupe hana mahali pa kutagia.”

Kihara alipaliwa na chai. Nyawira alitazama dari.

“Haiya!” Mbeti aligeuka. “Pasaka nzima umeitazama hii kitu kama kijana anatafuta mchumba. Nikuambie nitaipa kuku, bado unanyamaza tu! Sema.”

“Mama, mimi sijaomba kitu.”

“Najua hujaomba. Ndiyo maana naweza kukupatia.” Akaipiga kofi televisheni kwenye ubavu. “Lakini ikiwaka, mimi nitakuwa hapo. Murungi aliniambia itawaka.”

Kwa hiyo halikuwa tena jambo la kindege peke yake. Kihara alifanya kazi kwa uangalifu usio wa kawaida yake. Alitia transfoma kati ya televisheni na umeme wa ukutani, maana chuma cha ndani cha aina ile kinaweza kumrusha mtu. Akaunganisha waya za bodi, nyekundu, kijani na buluu. Siku waliyomwita, Mbeti alivaa kitambaa chake cha kichwa cha kanisani. Aliingia karakanani, akachungulia ndani ya sanduku, akaruka nyuma.

“Mmeilaza! Televisheni ya bwanangu mmeilaza kwa ubavu kama mlevi!”

“Mama, gemu hii ni ndefu,” Mutahi alisema. “Kindege hupanda kwenda juu. Ikisimama wima, picha italala.”

“Washa basi nione huo urefu.”

Kihara akawasha. Kioo kilinguruma, kikapata joto, na picha ikajaa hadi kingoni: nyota, mawingu, kindege. Watu mlangoni wakapiga mayowe. Lakini kona moja ilikuwa na doa la kijani, na kindege kilipoingia humo kilitoka na rangi ya ugonjwa. Mutahi aliona midomo ya Mbeti ikikazana.

“Ni sumaku tu,” Kihara alisema upesi. “Imezoea kusimama, tumeigeuza, imechanganyikiwa.” Alichukua pete kubwa ya waya aliyoitoa kwenye televisheni iliyokufa, akaichomeka kwenye umeme, akaizungusha mbele ya kioo kama mtu anayepangusa dirisha. Rangi zote zikayumba, zambarau, manjano, zikapinda. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, bado akizungusha, hadi mlangoni, ndipo akaizima.

Doa lilikuwa limekwenda. Kindege kilikuwa buluu kutoka chini hadi juu, na risasi zilikuwa nyekundu.

“Nyekundu hiyo,” Mbeti alisema taratibu. “Naijua. Ndiyo ileile ya siku za Murungi.” Kisha akamsukuma Mutahi kwa kiwiko. “Unangoja nini? Cheza!”

Mutahi alishika kijiti. Kindege kikapaa, kikakwepa moja, kikakwepa ya pili, kikalipuka kwa mwanga wa manjano ulioangaza mabati yote.

“Umekufa, Baba Wacera,” mama mkwe alimwambia, amekwisha kuvua kitambaa cha kichwa. “Sogea. Na hii sanduku mbona haina milango?”