Siku za Bamvua

Mimi nimekulia Muscat, mtoto wa Waunguja walioondoka zamani, na Kiswahili changu ni cha jikoni kwa mama. Nilipoamua kwenda Jambiani kujitolea miezi mitatu kwenye skuli ya wanawake watu wazima, nilijiona nimefanya jambo kubwa. Shangazi yangu wa Mji Mkongwe, niliyefikia kwake kwanza, aliviangalia viatu vyangu vyeupe akasema, "Haya, mwalimu."

Darasa lilianza saa tatu asubuhi. Saa hiyo niliichagua mimi, kwa sababu ndiyo niliyoizoea tangu utoto. Sheria nayo niliitunga mimi: atakayekosa zaidi ya siku ishirini asahau kiti cha darasa la pili litakalofuata, maana viti vilikuwa vichache na waliovitaka wengi.

Mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote alikuwa mama wa makamo, mkulima wa mwani. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akakaa mbele kabisa. Siku ya kwanza nilipouliza kila mmoja kilichomleta, alijibu bila ya haya: "Nnataka nsome chupa za dawa. Mama yangu mgonjwa, na haoni. Nshawahi kumnywesha dawa ya kupaka." Wenzake hawakucheka.

Alikuwa mwepesi wa kushika. Lakini kila baada ya wiki mbili alipotea siku tatu, nne, halafu akarudi vidole vimechunika, akakaa pale pale mbele kama hakuna lililotokea. Nilikasirika. Wakulima wenzake mbona walikuja? Nilidhani ananidharau, mimi niliyeacha nyumba yenye kiyoyozi kwa ajili yake. Siku ya ishirini na moja ya kukosa kwake nikalikata jina lake kwa kalamu nyekundu.

Aliporudi nikamwambia. Akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mwalimu, si bamvua? Maji yakitoka sana asubuhi ndo tunapata kuingia shambani. Wenzangu wana mabinti wa kuwaendea. Mie sina."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nlidhani unajua. Mwezi si unauona ukiandama na ukipevuka?"

Mwezi nilikuwa nauona. Kila ulipokuwa mpevu niliupiga picha nikampelekea mama Muscat, na kumbe siku hizo ndizo mwanafunzi wangu alizokuwa majini. Nilisoma miaka kumi na sita nikipelekwa na gari ya baba, na hata mara moja sikulazimika kuuliza bahari inafanya nini kabla ya kwenda skuli. Hayo yote nikiyaita bidii yangu.

Nilikwenda mbio kwa mwalimu mkuu. Kiti cha darasa la pili kilikuwa kimeshapewa mwengine, mama mwenye haki kama huyu, na sikuweza kuomba anyang'anywe. Asubiri mwakani, nikaambiwa. Nikamwomba mwanafunzi wangu radhi, nikamwahidi kumfundisha mwenyewe jioni. Akauliza naondoka lini. Jumamosi, nikasema. Siku yenyewe ilikuwa Alkhamisi. Tiketi inabadilishika, nalijua hilo. Sikuibadilisha.

"Basi nsomee hizi kabla hujaondoka," alisema bila ya kinyongo, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Akatoa chupa mbili kwenye mkoba.

"Hii ya kupaka," nikamwambia. "Hii ya kunywa."

Akachomoa kwenye fundo la kanga nyuzi fupi za taitai, zile wanazofungia mwani kwenye kamba. Chupa ya kupaka akaifunga uzi mmoja shingoni, ya kunywa nyuzi mbili. Akafumba macho, akayapapasa mafundo kwa kidole, moja, halafu mawili, kama atakavyoyapapasa mama yake. Kisha akanishukuru, akaniita mwalimu.