Soksi Nyeupe za Mama

Usiku ule nililala roho ikiwa imenichafuka. Zilikuwa zimebaki siku tatu tu Krismasi ifike. Jioni yake Aika, binti yangu wa kwanza, alinipigia simu kutoka Dar akaniuliza swali lile lile la kila mwaka: "Mama, mwaka huu unataka nini?" Nami nikamjibu jibu lile lile la kila mwaka: "Chochote, mwanangu. Mimi sina shida." Nilipokata simu nikatamani kutema mate. Chochote! Neno hilo limekaa kinywani mwangu mpaka limechacha.

Acha niseme ukweli, maana nimechoka kujikausha. Sisi wa huku mlimani, Krismasi ndiyo sikukuu ya watoto kurudi nyumbani. Mwaka mzima tunabaki wazee na migomba, halafu Desemba inaingia, magari yanajaa njiani, watoto wanashuka na mizigo, na kila mzigo umefungwa karatasi ya kung'aa. Stoo yangu ina chupa za chai saba. Saba! Na mimi nakunywa kikombe kimoja asubuhi. Ina mablanketi ambayo hayajatoka kwenye nailoni zake, na viatu jozi tano, laini, vizuri, havijawahi kukanyaga ardhi. Viatu ni kazi ya Elibariki, mwanangu wa kiume. Kila mwaka ananiketisha uani, anapiga goti, ananivisha mguu mmoja, watu wanapiga picha, mimi meno nje. Akigeuka kwenda kwenye nyama, navua.

Sivai kwa sababu ya kucha. Haya, nimeshasema. Mgongo wangu haukunjiki tena, macho yamefifia, mkono unatetemeka, lakini kucha za miguu hazina habari kwamba nimezeeka, zenyewe zinaota tu. Zimekuwa nene, za njano, zimejikunja. Ya kidole gumba cha kushoto imeingia ndani ya nyama, na pembeni pake panatoka majimaji yenye harufu. Ndiyo maana nimevaa soksi mchana na usiku. Jumapili mbili sikuweza kufika kanisani, nikasingizia mafua. Binti anayekuja kunifulia nampa nguo zote isipokuwa soksi. Hizo nazifua mwenyewe nikiwa nimeketi, uso nimeugeuza pembeni. Mtoto wa watu nimpe miguu hii? Hata mimi mwenyewe inanitia kinyaa.

Basi nikapanda kitandani na soksi zangu, usingizi ukanichukua.

Nikajiona niko stoo, nafungua maboksi ya viatu. Nafungua la kwanza, ndani hamna viatu, mna khanga. Nafungua la pili, khanga. Zote nazijua. Ni zile nilizokuwa nikimpelekea marehemu mama yangu kila Krismasi, enzi hizo mimi ndiye niliyekuwa mtoto wa kurudi nyumbani na mizigo. Nilizishika, zilikuwa na unyevu, zimenata kama kitu kilichotemwa. Nikazitupa chini nikajipangusa mikono kwenye gauni.

Nilipoinua uso, ukuta wa stoo haukuwepo. Niko kwenye nyumba ya zamani ya mama, ile ya nyasi, ambamo ng'ombe alilala upande mmoja na sisi upande mwingine. Mama ameketi kwenye kigoda karibu na mafiga. Amejifunga khanga zangu zote kwa pamoja, moja juu ya nyingine, zote bado zina mikunjo ya dukani, amefura mpaka mikono haishuki ubavuni. Nyumba inanuka samadi na zile dawa nyeupe za kuwekea nguo. Sikuogopa hata kidogo. Nilikasirika. Nikawaza, kumbe huyu mama hakuvaa hata moja, alikuwa anazipanga tu!

"Shikamoo, mama," namwambia.

Haitikii. Katika maisha yake yote mama hakuwahi kuacha shikamoo yangu ikaanguka chini. Ananitazama miguu, mdomo ameukunja, kama mtu aliyeona funza kwenye chakula.

Halafu tuko uani kwangu na jua limewaka. Mbuzi amekwisha kuchomwa. Watoto wangu wamejaa, na wakwe, na wajukuu, wote mikono imelowa mafuta, na kwa mikono hiyo hiyo wanashika simu, vioo vya simu vimepakaa mafuta, wanafuta kwa nguo, wanarudi kupiga. Kila mtu anatafuna. Nasikia kutafuna tu, hakuna anayeongea. Mimi wamenipa ini, nalitafuna haliishi, linazidi kujaa mdomoni, na siwezi kulitema kwa sababu kamera ziko juu yangu. Mama naye yuko pale, kwenye kiti cha plastiki katikati ya wageni, na mikhanga yake. Hali kitu.

Elibariki amepiga goti mbele yangu na kiatu cha rangi ya maziwa. Anakisukuma. Hakiingii. "Cheka, mama," anasema, "cheka kidogo, tazama huku." Nacheka. Anasukuma tena kwa nguvu. Ndani ya soksi kitu kinapasuka, na uvuguvugu unatambaa kwenye unyayo wangu. Harufu inapanda, naisikia, nashangaa kwa nini wengine hawaisikii. Machozi yamenijaa machoni, ini limenijaa mdomoni, na mimi nasema nini?

"Vimenitosha, baba. Asante."

Wakapiga makofi. Khaa! Nilijichukia pale pale ndotoni. Nikamtazama mama, nikidhani anawachukia wao kwa ulafi wao na picha zao. Wala. Wao hata hakuwaangalia. Uso ule wa kukunja mdomo ulinielekea mimi peke yangu.

Makofi yanaendelea, lakini sasa ni maji. Ni maji yanamiminwa kwenye beseni, na niko chumbani kwa mama, na mama amelala kwenye mkeka, amefunikwa. Hapa lazima niseme, hii haikuwa ndoto tupu. Hii ilitokea, na sijawahi kumsimulia mtu.

Kwetu, mama akifa, mabinti na mashangazi ndio wanaomwosha. Siku ile shangazi alishika kichwani, mimi nikashika miguuni. Nikafunua. Yesu wangu! Kucha za mama zilikuwa zimekua mpaka zimepinda kuingia chini ya vidole. Nyingine zilikuwa nyeusi. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa imeoza, nyeupe, imelainika. Na mimi kila Krismasi nilikuwa nakaa kando ya miguu ile siku tatu nzima! Nilikula mtori wake wa ndizi, nikamtandika khanga mpya mabegani, nikamwuliza anataka nini, akaniambia chochote. Sikuwahi kuangalia chini ya magoti yake.

Na siku ile sikulia. Nilimwonea kinyaa mama yangu mzazi aliyelala kimya mbele yangu, na nikamwambia shangazi, "Miguu niachie mimi." Shangazi alipogeuka kwenda kuongeza maji, nikatoa kwenye begi langu soksi mpya, nyeupe, nikamvisha haraka haraka kwa ncha za vidole. Sikuosha. Sikukata hata ukucha mmoja. Tulimzika hivyo hivyo, na watu wakasema, Manka amempendezesha mama yake mpaka soksi. Wakanisifu! Nami nikaitikia.

Sasa ndotoni mama anakaa kwenye mkeka. Khanga zote hazipo tena, amebaki na gauni lake la kulimia. Amenyoosha miguu mbele, na zile soksi ziko pale, nyeupe vile vile, ila mbele zimetoboka na kucha zimetokeza.

"Nivue, Manka," anasema.

Nikasita. Mtu anajua kabisa ni mama yake, na bado mkono unasita. Nikamvua ya kulia, nikamvua ya kushoto, na harufu ikanipiga usoni, nikageuka nikatapika pembeni. Mama akangoja. Nilipomaliza nikajifuta, nikasema moyoni, sasa nitaosha, hata nife nitaosha. Nikatafuta maji ya moto. Chupa zangu za chai zile saba zimejipanga ukutani. Nafungua ya kwanza, tupu. Ya pili, tupu. Zote saba tupu, hazina hata jasho. Natafuta kitambaa cha kukaushia, naona mablanketi, lakini nailoni hazichaniki, nazing'ata kwa meno hazichaniki. Natafuta wembe, nashika viatu. Nyumba nzima imejaa vitu, na hakuna hata kimoja cha kumsaidia mwanamke mwenye kucha ndefu.

"Uliponiuliza nataka nini, nilikudanganya," mama anasema. "Niliona aibu."

"Mama, mimi ningekukata. Ungesema tu!"

"Wewe umesema?"

Nikainama kushika mguu wake angalau kwa mikono mitupu, nikaushika, na maumivu yakanipata mimi. Nikatazama vizuri. Kidole gumba cha kushoto, pembeni pake majimaji. Ni mguu wangu. Mimi ndiye niliyelala kwenye mkeka sasa, sigeuki, sisemi, midomo imefungwa kwa kitambaa. Namwona mtu amesimama miguuni pangu. Ni Aika. Binti yangu, mzuri, mkarimu, mpole, kucha za mikono zimepakwa rangi. Ameshafunua. Amekunja mdomo ule ule. Na mkononi ameshika soksi mpya, nyeupe.

Nataka kumwambia, Aika mwanangu, usiogope, ni kucha tu. Kitambaa kinanibana. Anazikunjua zile soksi. Anaangalia mlangoni kama kuna mtu anakuja. Nami najua kabisa atakavyojisikia kesho, na keshokutwa, na miaka yote baadaye kila akifungua sanduku la nguo, maana mimi nimeishi nayo. Nikasikia sauti ya mama karibu na sikio langu, kavu, bila huruma:

"Usimngojeze mpaka siku ya kukuosha."

Halafu, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha mezani, akaongeza: "Marahaba, mwanangu."

Nikaamka napiga kelele. Mguu ulikuwa nje ya blanketi na soksi imeganda kwenye kidole. Majogoo walikuwa wameanza kuwika. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikawasha taa, na kwa mara ya kwanza tangu masika nikavua zile soksi kwenye mwanga. Niliangalia. Nilijilazimisha kuangalia. Pthuu! Nikazibeba soksi kwa vidole viwili mpaka jikoni, nikafukua moto chini ya majivu, nikazitia humo. Zilinuka nyumba nzima. Nikaacha zinuke.

Nikampigia Aika. Akapokea kwa hofu, maana simu ya mzazi alfajiri mtu anajua inavyokuwa.

"Mama? Kuna nini? Unaumwa?"

"Jana uliniuliza nataka nini."

"Ukasema chochote. Nimeshakununulia..."

"Nilidanganya. Sitaki ulichonunua. Njoo na mkasi wa kucha, ule mkubwa, na dawa ya kidonda. Na Elibariki mwambie viatu basi. Akifika achemshe maji."

Nikasikia anavyohema. Nikajua anajaribu kukumbuka ni lini aliona miguu yangu, na hakumbuki.

"Mama," akasema polepole, "miguu yako ina nini?"

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Neno lile lililochacha likaja lenyewe kwenye ulimi, hakuna kitu mwanangu, sina shida mwanangu. Nikalimeza kwa nguvu.

"Inanuka, Aika. Ukiiona utatapika. Njoo utapike mimi nikiwa hai."

Nilisikia tu kitanda kikilia anavyoshuka, halafu zipu ya begi.