Aiskrimu ya Mama na Mirija ya Babu

Sisi tuliokua Kasulu miaka ya tisini tunajuana hata tukikutana Kariakoo. Mmoja akianza tu kusalimia, umemjua. Salamu haiishi. Atakuulizia wewe, mumeo, watoto, ng'ombe na migomba, mpaka basi likuache. Enzi zetu hizo, mwezi wa sita ukungu ulikaa mpaka saa tatu asubuhi. Tulikwenda shule na sweta zilizotoboka viwiko, kuni kichwani, fagio mkononi, na mfukoni kiazi cha kuchoma ambacho kazi yake ya kwanza ilikuwa kupasha vidole moto. Saa nne ndipo unakila. Mtoto wa siku hizi ukimpa kiazi anakuuliza sosi iko wapi.

Habari ya baridi naitaja makusudi, mjue mama yangu alikuwa mwanamke wa namna gani. Katika mji huo huo ambao watu waliota moto asubuhi, yeye alifungua duka la aiskrimu. La kwanza Kasulu nzima. Anayebisha aje nyumbani, chai nitampa, lakini atabishia nje.

Mama alizaliwa Kitahana, kule Kibondo, na kabla ya kuolewa alifanya kazi jikoni kwa masista Kigoma mjini. Huko ndiko alikojifunza. Akaolewa Kasulu, akanizaa mimi Paskazia, akafuata mdogo wangu Yolanda, na miaka yote hiyo aiskrimu haikumtoka kichwani. Anakoroga uji, ghafla anasimama na mwiko mkononi: "Huu ungekuwa na barafu, jamani!" Baba, mpole wa watu, anacheka tu na kusubiri uji wake.

Umeme tulikuwa tunausikia redioni. Lakini daktari mmoja wa kutoka Moshi alipohamishwa kurudi kwao, friji lake la mafuta ya taa halikuenea kwenye gari. Mama akampa mke wa daktari cherehani yake, friji likabaki. Majirani walimwona ameingiwa na wazimu. Mwanamke anatoa cherehani anachukua kabati la baridi, na baridi ipo bure hapo nje!

Mashine nayo ilitengenezwa pale pale mjini. Fundi seremala alichonga ndoo ya mbao, ndani yake ikakaa ndoo nyembamba ya bati yenye kifuniko na mpini wa kuzungusha. Maziwa yaliyochemshwa na kupozwa yanaingia ndani ya bati. Pembeni, kati ya bati na mbao, tunashindilia barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe kutoka Uvinza, maana barafu ikikutana na chumvi, baridi inazidi ukali. Kisha zungusha. Mimi mia moja, Yolanda mia moja, na Yolanda alikuwa mwizi wa kuhesabu, kutoka sitini anarukia themanini. Mama anapaza sauti kutoka uani, "Msiache mkono! Ikisimama inakuwa mawe!" Mpini ukianza kuwa mzito mpaka wewe mwenyewe unasimama kwa miguu yote miwili, hapo imeiva.

Sukari hakutia. Alitia asali nyeusi aliyoleta mjomba kutoka Kibondo, ile ya mizinga ya magome, yenye harufu ya moshi kwa mbali. Ukionja, kwanza baridi inakukata ulimi, halafu maziwa, halafu asali inakuja taratibu huku nyuma kooni. Nimekula aiskrimu za miji mikubwa tangu hapo. Nzuri, sikatai, lakini hazina moshi.

Sasa maziwa. Mwenye ng'ombe wa kututosha alikuwa Babu, baba yake baba, aliyekaa kilimani nyuma ya nyumba yetu. Babu alikuwa mtu mzito pale mjini. Watu wakigombania mpaka wa shamba, anaitwa yeye. Na kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na Babu alizidisha, kwani hakuwahi kumsemesha mama moja kwa moja hata siku moja. Alipitishia maneno kwangu. Mama amesimama hatua tatu tu kutoka kwake, Babu ananigeukia mimi: "Paskazia, mwambie mama yako mvua inakuja, aanue nguo." Namwambia mama. Mama naye: "Mwambie babu ahsante." Nilikuwa simu ya nyumba ile kabla simu hazijaja.

Mama alipomwomba maziwa ya duka, kwa njia hiyo hiyo ya mdomo wangu, Babu alimaliza kwanza kufunga ng'ombe wake. Kisha akasema, "Paskazia, mwambie mama yako maziwa nitatoa. Lakini siku ya kufungua nitakuja na wenzangu. Nikikuta ni kitu cha kuchezea watoto, maziwa yangu kesho yake yanabaki nyumbani."

"Mwambie babu nimesikia," mama akasema. Bila maziwa yale hakuna duka, na cherehani ilikuwa imeshakwenda Moshi.

Alifungua siku ya soko, mwezi wa nane, vumbi jekundu limetanda kwa magari meupe yaliyokuwa yakienda kambini kwa wakimbizi. Baba aliandika kibao kwa mkono wake: AISKRIMU YA MAMA PASKAZIA, MAZIWA YA HAPA HAPA. Jina langu likiwa limening'inia juu ya barabara kuu! Siku ile sikutembea, nilielea. Mama alivaa kitenge kipya. Koni alizitengeneza mwenyewe kwa chapati nyembamba alizozikunja na kuzikausha juu ya jiko zikakakamaa. Wanawake wa Kirundi waliokuwa wakiuza vitunguu jirani yetu waliacha biashara wakaja kutazama.

Babu akaja, na koti lake la mwaka mzima, kofia, fimbo, na wazee watatu nyuma yake. Wakakalishwa kwenye benchi nje ya duka, kando ya barabara. Mama akapiga magoti, akawapa kila mmoja koni yake kwa mikono miwili.

Wakazishika. Wakatazamana. Hakuna aliyepeleka mdomoni.

Sisi watoto tulikuwa tumeshamaliza tunalamba vidole. Mtu mzima pekee aliyethubutu ni mwalimu wetu wa hisabati, mgeni kutoka Tanga. Alisimama katikati ya barabara, akatoa ulimi wote nje, akalamba kutoka chini mpaka juu, na pua ikaingia humo humo. Soko zima lilivunjika mbavu. Maskini mwalimu! Mwezi mzima, kila akigeukia ubao, darasa zima tulitoa ndimi.

Ndipo mama alipoelewa kosa lake. Kwetu mtu mwenye heshima zake hali barabarani. Chakula ni cha nyumbani, ndani. Na kutoa ulimi mbele za watu, tena mbele ya mke wa mwanao? Mzee wa watu bora afe. Mama ni Muha damu kama sisi, alilijua hilo tangu anyonyeshwe. Lakini kwa masista kila mtu alilamba, na kwa furaha ya duka lake akasahau kabisa kwamba wa kulamba hapa ni baba mkwe. Akawaletea vijiko. Vijiko pia vikashikwa tu, kwa sababu kula ni kula.

Babu alikaa na koni yake wima kama mtu aliyeshika mshumaa wa Pasaka, inamchuruzikia mpaka ndani ya mkono wa koti. Hakuitupa, adabu ilimzuia. Mwishowe akaiweka kwenye sahani, akainuka, akaegemea fimbo.

"Paskazia, mwambie mama yako nimeona."

Sikumwambia. Kwa mara ya kwanza maishani nilikataa kupeleka neno. Nilimchukia Babu siku ile, Mungu anisamehe, nilimchukia yeye na ng'ombe wake wote. Mama alikuwa ameuma mdomo, macho yamejaa, anatazama ng'ambo ya barabara ili watu wasimwone analia.

Na ng'ambo ya barabara ndipo alipokaa Bibi, mama mkwe wake, na wenzake wauza pombe ya ndizi. Wanaume wazima, wengine wazee kabisa, walikuwa wamekizunguka chungu, kila mmoja na mrija wake wa tete mdomoni, wananyonya na kupiga soga mchana kweupe mbele ya dunia nzima. Wala hakuna aliyeona haya. Kunywa pamoja si kula. Chungu kinawekwa hadharani, na mzee asiyealikwa ndiye anayeona aibu.

Mama alikimbia kwa Bibi. Mke wa mtu, na kitenge kipya, katikati ya soko!

"Mama, nipe chungu kipya na mirija!"

"Yesu wangu! Mirija ya nini tena?"

"Nipe tu, mama, wanaondoka!"

Bibi akampa, huku akimwita Yesu mara ya pili. Mama akarudi mbio, akachota aiskrimu akajaza chungu, akatia maziwa kidogo, akakoroga mpaka ikalegea, akachomeka mirija minne. Wazee walikuwa wameshaanza kuondoka. Akakiweka chungu chini mbele ya benchi, akapiga magoti, akapiga makofi yale ya salamu zetu, taratibu, kichwa kimeinama.

"Paskazia, mwambie babu, karibuni kinywaji."

Hilo nililipeleka. Nililipeleka kwa sauti ambayo hata wauza vitunguu waliisikia.

Babu akakitazama chungu. Akaitazama mirija. Akarudi, akakaa, akapangusa mrija kwa pindo la koti, akanyonya. Mashavu yakaingia ndani. Akafumba macho. Kisha akashika paji la uso kwa mikono miwili akapiga kelele, "Yooo! Kichwa!" Wenzake walicheka mpaka fimbo zikaanguka, na kila mmoja akadaka mrija wake ajue kimemsibu nini. Yooo ya pili, yooo ya tatu. Baada ya hapo hukusikia tena neno benchini, ni kunyonya tu, mpaka mirija ikaanza kukoroma chini ya chungu.

"Kuna kingine?" mzee mmoja akauliza.

Mama akajaza tena. Alipokuwa anakiweka, Babu akainua uso.

"Mkwe wangu," akasema.

Mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo kupokea ujumbe. Hakuniangalia.

"Mkwe wangu, chukua mrija na wewe. Umetuheshimu."

Mama akageuza uso pembeni kwa adabu, akachomeka mrija wake kando ya mrija wa Babu, akanyonya huku machozi yanaingia mle mle chunguni. Nilijivunia mama yangu siku ile mpaka kifua kikaniuma, na mpaka leo kinaniuma nikikumbuka.

Maziwa yalikuja kila asubuhi mpaka Babu alipofariki, na kazi yangu ya kupeleka maneno ilikwisha. Mpaka Kibondo walisikia. Na ndiyo sababu watu wa Kasulu wa rika letu hatusemi kula aiskrimu. Tunasema, twende tukanywe aiskrimu. Wageni wanatucheka, waacheni.

Sasa duka analo Yolanda. Umeme upo, friji la kioo lipo, mashine inazunguka yenyewe, kwa hiyo hakuna tena wa kuiba hesabu. Vijana wanajaa jioni. Kila mmoja na koni yake, kila mmoja na simu yake. Wanaipiga picha kulia, wanaipiga kushoto, wanaipiga wametoa ulimi, mpaka inakuwa mchuzi. Wanaitupa nusu, wanaondoka bila hata kuuliza jina la aliyeitengeneza. Siwachukii, ndio wateja wetu. Ila hakuna kati yao atakayewahi kupigwa na ile yooo kwa pamoja na babu yake.

Mama yupo bado, mzee sasa, anakaa kwenye benchi lile lile. Mwanzilishi wa duka mwenyewe mpaka leo hajalamba koni mbele za watu. Wajukuu wanambembeleza, anatikisa kichwa. Anangoja Yolanda amletee chungu. Kikija, anatoa mirija yake kwenye kitambaa, anaipangusa kwa pindo la kitenge, anageuza uso pembeni kidogo kama kuna mtu. Anachomeka miwili, ananyonya mmoja.