Bosi Aliyekataa Kupigika

Jumanne nilipigiwa simu nikiwa kazini: yule rafiki yangu Mkenya wa Richfield, huku Marekani, aliyekuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea na kutengeneza gemu ya kompyuta siku zake za mapumziko, ametutoka. Figo. Nilikaa kwenye ngazi nikiwa na hasira, tena hasira na nafsi yangu, maana nilimwahidi jambo moja na sikulitimiza.

Wasomaji wasiocheza gemu mnivumilie. Katika gemu yake unakuwa shujaa, unazunguka nchi nzima ukikusanya panga na dawa, na mwishoni unamkuta bosi, yaani adui mkuu anayelinda lango la mwisho. Mabosi wa wengine hutema moto. Wake lilikuwa jitu lililovaa sweta, linakukaribisha sebuleni. Ukilipiga kabla ya salamu, unakufa. Ukikataa chai, unakufa. Ukinywa chai kisha ukachomoa upanga, utapiga weee, halipungui hata unywele, halafu unakufa. Vijana Wamarekani aliowapa walijaribu wakamwambia gemu ni mbovu. Yeye akaniambia bosi mzuri hakushindi kwa nguvu. Anakushinda kwa kitu ulichokuwa unakijua ukakisahau.

Alipozidiwa na ugonjwa hakuzunguka maneno. "Bro, nataka nione hata mtu mmoja amemshinda huyu jamaa nikiwa bado niko. Lakini sikuambii vile inafanywa, hiyo itakuwa cheating."

Nikamwahidi. Kila Jumamosi nilipanda basi kutoka mtaani kwangu Frogtown, nikaenda kufa mbele yake mara tatu nne, naye anacheka mpaka anakohoa. Nikiinuka kuondoka, huyo, anavaa koti juu ya pajama, miguuni kandambili, anataka kunifikisha kituoni na theluji yote ile. Nilikuwa namfokea, "Rudi ndani, wewe mgonjwa, mimi najua njia." Alinitazama kwa huzuni, nami nikadhani ni figo.

Kwenye matanga kompyuta yake iliwekwa mezani, kati ya picha yake na sufuria ya pilau. Wanaume wazima na suti zetu tukapokezana kufa. Mkewe, ambaye hakuwahi kuigusa gemu ile, alikuja kukusanya vikombe, akauliza tunahangaika na nini, akakaa. Akalisalimia jitu, akanywa chai, kisha akabonyeza palipoandikwa "Aga". Miezi yote ile mimi nilidhani hapo ni pa kuzimia gemu.

Jitu likasimama, likavaa koti, likamsindikiza. Likapita lango lilelile lililokuwa likililinda, na huko nje nguvu zikaliisha. Likakaa kwenye theluji, likapunga mkono, likatoweka.

"Sasa mgeni ataondoka bila kuaga?" mama yule akatuuliza. "Na mwenye nyumba abaki amekaa tu?" Akachukua vikombe vyake akaenda kuviosha.

Nimewaza sana tangu siku ile. Tumekaa mji huu tukajifunza kuagana kwa kupunga mkono mlangoni, tunaita kuheshimu muda wa mtu, na mimi nilikuwa hodari wa hilo kuliko wote. Niliyojifunza ni haya tu: mtu akitaka kukusindikiza, mngoje avae koti, mtoke pamoja. Rafiki yangu alinionyesha jibu kila Jumamosi, amevaa kandambili, nami kila Jumamosi nikamrudisha ndani.